Modeli inasema hakuna malaria, zahanati ina wagonjwa

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nasomea afya ya mazingira, naishi Uyole, Mbeya. Nimeunda modeli ya malaria kwenye Excel. Nimeweka joto la wastani wa mwaka, nyuzi 18, na kila mbu ana nafasi ya asilimia 90 ya kuiona kesho. Majibu yanasema malaria haiwezi kuenea huku, ilhali zahanati inapokea wagonjwa. Nimekosea wapi?

JIBU: Hesabu ni sahihi, joto ndilo limekuponza. Mbu akinyonya damu yenye falsiparamu, aina ya vimelea vya malaria, haambukizi papo hapo. Siku za vimelea kukomaa ni 111 gawanya kwa joto lililotolewa 16. Kwa nyuzi 18 ni siku 55 na nusu, na kwa asilimia 90 yako wanaofika huko ni mbu 3 tu kati ya 1,000. Lakini mbu waenezao malaria wengi hupumzika ndani, ukutani au nyuma ya nguo zilizotundikwa, na nyumba iliyopikiwa jioni ina joto lake. Ndani kukiwa na nyuzi 21, siku zinashuka hadi 22, na wanaofika ni karibu 100. Nyuzi tatu tu!

Kwa hiyo tundika kipimajoto ukutani, usawa wa kitanda, mbali na jiko. Chukua wastani wa kila siku, toa 16, gawanya kwa 111, kisha jumlisha siku hadi siku. Jumla ikifika 1, vimelea vimekomaa. Siku yenye nyuzi chini ya 16, mfano 14, iandikie sifuri. Bila sharti hilo Excel itatoa hasi, na vimelea vyako vitakuwa vinarudi utotoni.

Ile asilimia 90 ni makisio. Jaribu 85 na 95 pia: kwa siku 22 utapata mbu 28 na 324. Pengo hilo liandike kwenye ripoti jinsi lilivyo.

Halafu ongeza safu ya maambukizi ya safarini. Kule Kyela, joto likiwa nyuzi 25, vimelea hukomaa kwa siku 12 tu. Muulize kila mwenye kipimo chanya amelala wapi wiki nne zilizopita. Wengi wakitaja Kyela au mashamba ya mpunga ya Mbarali, waingize kwenye safu hiyo. Usiongeze mbu wa Uyole ili modeli ifanane na rejista. Italingana vizuri, na vyandarua vitapelekwa pasipo na mbu.