Ramani kwanza, ngozi baadaye: maelezo kwa wanaoanza kuunda chombo cha anga kwenye kompyuta

Chombo changu cha kwanza cha anga kilikuwa na vyumba 30, mistari ya taa za buluu katika kila korido, na hakikuwa na choo hata kimoja. Nilikiunda kwa Blender, programu ya kuundia maumbo ya pande tatu, usiku baada ya usiku, katika chumba cha nyuma cha steshenari ninayofanyia kazi hapa Mtwara. Aliyegundua kasoro hiyo ni mpwa wangu, ambaye alizunguka humo kwa kipanya kwa dakika tano hivi kisha akaniuliza, "Mjomba, hawa watu wanajisaidia wapi?" Sikuwa na jibu, na kila nilipotafuta pa kukiweka choo niliona kwamba sina budi kubomoa kitu nilichokwisha kukivisha tekscha, yaani picha zinazolipa umbo tupu rangi na ngozi yake. Tangu hapo nimewasaidia vijana kadhaa wa hapa na wa Lindi wanaojifunza kazi hii, na karibu wote huanzia nilipoanzia mimi, yaani kwenye ngozi. Ninalotaka kuwaeleza wanaoanza ni kwamba ramani ya ndani na tekscha ni kazi moja: uchakavu wa ukuta hufuata mapito ya watu, na asiyejua watu wanapita wapi hawezi kujua ukuta uchakae wapi.

Kabla ya kuchora chumba chochote, amua chini ni wapi. Sisi tuliokulia pwani hii tumezoea kuona meli bandarini na majahazi ufukweni, kwa hiyo mkono wetu huchora sitaha zilizolala kutoka tezi (nyuma) hadi omo (mbele) bila hata kufikiri. Kwa chombo cha majini hilo ni sawa, maana uzito wa mtu huvutwa chini, kuelekea mkukuni. Chombo cha anga kinachosukumwa na injini iliyo nyuma hakiko hivyo: injini inapowaka, kila aliyemo hugandamizwa kuelekea nyuma, kwa hiyo sakafu lazima iwe upande wa injini, sitaha zipangwe kama ghorofa za jengo, na nahodha akae ghorofa ya juu. Injini ikizimwa na chombo kikaelea tu, hakuna chini wala juu, na pande zote nne za chumba zinafaa kutumika, kama ilivyo katika maabara ya Destiny ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, yenye nafasi za makabati 24, sita kila upande, pamoja na sakafuni na darini. Wengine hupenda gurudumu linalozunguka ili kuleta uzito. Wafanye hesabu kwanza: ukitaka uzito sawa na wa duniani kwa mizunguko miwili tu kwa dakika, umbali kutoka kitovu hadi sakafu unakuwa mita 224 hivi, na ukilichora gurudumu lenye umbali wa mita 20, itabidi lizunguke karibu mara saba kwa dakika, kasi ambayo ingewatia wengi kichefuchefu. Mchezo wa kompyuta unakuruhusu kudai kwamba ipo mashine ya kuleta uzito, nami sina ugomvi na hilo, ila liamue mwanzoni, kwa sababu ngazi, vitanda na vishikio vyote hutegemea uamuzi huo.

Linalofuata ni upana, na hapa mwalimu mzuri yuko jirani, Mikindani. Ukiingia katika nyumba ya zamani ya mawe utaona kwamba vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu au tatu hivi, wala si kwa sababu wenyewe walipenda kubanana: dari ililazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka zaidi ya hapo ikabeba mawe na chokaa. Destiny nayo ina kipenyo cha mita 4.3 kwa sababu ya namna hiyohiyo, kwani ilipelekwa angani mwaka 2001 ndani ya Space Shuttle, ambayo sehemu yake ya mizigo ilikuwa na upana wa mita 4.6. Chombo chako cha kubuni kinahitaji boriti yake pia, kitu kimoja kinachokataza chumba kisiwe kipana kupita kiasi, hata kama mtazamaji hataambiwa kamwe ni kitu gani. Mimi hutumia kipande cha mita 2: korido ni kipande kimoja, chumba cha kulala ni kimoja kwa viwili, jiko ni viwili kwa viwili, na hakuna ukuta unaoangukia katikati ya kipande. Blender huanza na kipimo cha mita, kwa hiyo weka sanamu ya mtu wa mita 1.7 ndani ya faili tangu siku ya kwanza na usimwondoe mpaka mwisho. Nimeona vyombo vizuri sana ambavyo vitasa vyake vilikuwa usawa wa kidevu.

Ramani yenyewe ichorwe kwa penseli kwenye daftari la hesabu lenye miraba, mraba mmoja ukiwa kipande kimoja. Watu wa pwani husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani tumboni mwa chombo, na msemo huo unaupa mchoro wako swali la kwanza: ngama ya chombo hiki iko wapi, mahali ambapo kila mtu hurudi apende asipende? Mara nyingi ni jiko na meza yake. Liweke hilo kwanza, kisha choo na bafu vipakane na jiko ili mabomba ya maji yawe ukuta mmoja, vitanda viwe mbali na pampu na feni, na stoo iwe karibu na chumba cha milango miwili ambacho watu hupitia kutoka nje. Ukimaliza, chukua kalamu nyekundu ufuate siku nzima ya fundi wa injini, tangu anapoamka hadi anapolala, halafu kalamu ya buluu kwa mpishi, na ya kijani kwa nahodha. Mistari itarundikana mahali fulani na kukosekana kabisa mahali pengine. Karatasi hiyo usiitupe, kwa sababu ndiyo utakayoitumia baadaye kuchafua kuta.

Sasa tuje kwenye nguo, na ninasema nguo kwa makusudi. Anayeijua kanga ameshaelewa nusu ya somo la tekscha za ndani ya chombo, kwa maana kanga ina mji, ina pindo na ina jina. Mji ni ile picha inayojirudia bila mshono kuonekana, nawe utaitandaza juu ya kuta na sakafu zote kubwa. Unahitaji chache tu, tatu au nne kwa chombo kizima. Pindo ni picha moja ndefu iliyogawanywa katika mikanda, mmoja ukiwa na ukingo wa mlango, mwingine mfereji wa nyaya, mwingine mstari wa boliti, na kila ukingo wa modeli hukatiwa kipande chake kutoka humo. Jina ni maandishi na alama, namba za sitaha, mishale na maonyo, ambayo hubandikwa juu ya ukuta kama stika na hayachanganywi na mji hata kidogo. Wanaoanza huchora kila chumba picha yake peke yake, jambo ambalo ni sawa na kufuma kanga upya kila unapotaka kumvisha mtu.

Ubaya wake si jasho tu. Picha moja ya pikseli 4096 kwa 4096 isiyobanwa, yenye baiti nne kwa kila pikseli, hula megabaiti 64 za kumbukumbu. Chumba kimoja kwa kawaida huhitaji picha nne: ya rangi, ya mng'aro, ya uchuma na ya miinuko. Vyumba vyangu 30 vilidai megabaiti 7,680, wakati kompyuta mpakato yangu ilikuwa na gigabaiti 8 za ramu kwa kila kitu, na haikushangaza kwamba ilikuwa ikiganda kila nilipofungua faili. Picha ya 2048 huchukua megabaiti 16 tu. Ukiamua kwamba kila mita ya ukuta itapata pikseli 512, picha ya 2048 itafunika mita nne, ambazo ni vipande viwili kamili vya ramani yako, na kipimo hicho ukikishikilia chombo chote, hutaona ukuta ulio wazi kama kioo ukipakana na mlango wenye ukungu. (Umeme nao hukatika. Blender hujihifadhia nakala kila baada ya dakika mbili usipobadilisha mpangilio huo, lakini nakala hiyo isikufanye usahau kuhifadhi faili mwenyewe.)

Kuhusu kukunjua umbo ili likae juu ya picha bapa sina mengi. Mtazame fundi cherehani: mishono yake huificha kwapani na pembeni, nawe ya kwako ipitishe nyuma ya mabomba na chini ya vizingiti.

Picha za chuma, rangi iliyobabuka na vumbi zipige mwenyewe, kwa sababu hata simu ya kawaida inatosha. Chagua siku ya mawingu, kwa kuwa jua la saa sita huacha vivuli ndani ya picha, na kivuli hicho kitagombana na taa utakazoweka ndani ya chombo. Nenda gereji au kwa wauza vyuma chakavu, na uombe ruhusa kwa mwenye eneo. Bandarini usinyanyue simu bila kibali.

Hapa ndipo wengi wa kwetu hukosea. Tumekulia mahali ambapo chumvi ya bahari huila bati hadi likabaki kama wavu, basi tunabandika kutu kila mahali, hata kwenye gamba la nje la chombo. Kutu huhitaji hewa na maji, na nje ya chombo havipo. Ndani, unyevu huwa na mahali pake: bafuni, jikoni, na nyuma ya paneli zilizo baridi, kama wanaanga wa kituo cha Mir, kilichokuwa angani kuanzia 1986 hadi 2001, walivyokuta maji yamejikusanya nyuma ya paneli. Kwingine kote kinachochakaza ni mwili wa mtu. Niliwahi kukaa muda mrefu nikiitazama kana, yaani mpini wa usukani, ya mashua ya mvuvi iliyopandishwa ufukweni: mti wote ulikuwa umepauka kwa chumvi na kupasuka nyufa ndogondogo, ila mahali pa shubiri moja tu, pale kiganja kinaposhika, palikuwa peusi, laini, na panang'aa kama palipopakwa mafuta. Rangi ilikuwa imebadilika, lakini mng'aro ulikuwa umebadilika zaidi. Kwa hiyo alama za mikono zichore zaidi katika picha ya mng'aro kuliko katika picha ya rangi, na uzichore pale ambapo kalamu zako tatu zilirundikana: pembeni mwa mlango wa jiko kwenye kimo cha bega, ukingoni mwa ngazi, kuzunguka swichi. Chombo chako kikiwa hakina uzito, sakafu haichakai kwa nyayo, bali vishikio ndivyo vinavyochubuka. Katika kituo cha Skylab cha mwaka 1973 sakafu zilikuwa wavu wenye matundu ya pembetatu, na viatu vya wanaanga vilikuwa na kipande cha kunasa ndani ya matundu hayo. Ukiiga wavu huo, michubuko ikae kwenye kingo za matundu.

Makosa mawili madogo yatakupata, basi uyajue mapema. Ukihamishia kazi yako kwenye Unreal Engine, programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta, boliti zilizotokeza zinaweza kuonekana kama vishimo, kwa sababu programu hiyo huisoma rangi ya kijani ya picha ya miinuko kinyume cha Blender. Igeuze rangi hiyo peke yake. Na ukiunda upande mmoja wa korido kisha ukaugeuza kama kwenye kioo ili kupata wa pili, maandishi nayo hugeuka. Mimi nilikaa wiki mbili na neno HATARI lililosomeka kutoka kulia kwenda kushoto juu ya mlango wa injini, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu wote waliokiona walidhani ni lugha ya huko angani.

Chombo cha pili nilikijaribu kwa mpwa wangu yuleyule, bila kumpa ramani. Choo alikiona chini ya dakika moja. Malalamiko yake safari hii yalikuwa kwamba kitasa cha mlango wa choo ndicho kilichokuwa kipya kuliko vitasa vyote vya chombo, nami nikarudi kukichubua.