Mtumbwi, Matema na nyota

SWALI: Shikamoo anti, mimi na washkaji wanne tunataka kwenda Matema, Ziwa Nyasa, tupige kasia halafu usiku tulale kwenye mahema ufukweni tucheki nyota, twende mwezi gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Juni na Julai hapana aisee, upepo wa mwera unachafua sana ziwa na mtumbwi unapinduka fasta, bora Oktoba, na mchague siku za mwezi mwandamo maana mbalamwezi inafuta nyota. Saa 3 usiku hivi angalieni mashariki, Kilimia kinachomoza, kile kikundi cha nyota wazee walichokitumia kujua msimu wa kulima, mimi nikikiona bado nasisimka. Mahema yakae mbali na midomo ya mito, kuna viboko na mamba, na laifu jaketi mvae wote hata anayejua kuogelea.