Si lazima uwe polisi

Dadangu, umeuliza kama unaweza kusoma masta ya kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, na digrii yako ni ya sosholojia, ama ni ya polisi tu. Unaweza kabisa, tena sosholojia ndo mlango wenyewe, vyuo vingine hapa Kenya hiyo kozi iko ndani ya idara ya sosholojia. Kawaida ni miaka 2, mwaka wa kwanza darasani halafu tasnifu, na hapo kwa tasnifu ndo watu hukwama.

Mfano unataka kuhoji wafungwa gereza la Shimo la Tewa, huendi tu getini na daftari, chuo kikupitishie maadili ya utafiti kwanza, uchukue leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, halafu idhini ya magereza yenyewe, na haya yote yala miezi, kwa hivyo anza kufuatilia mapema wallahi. Takwimu nazo jifunze vizuri usizikimbie.

Mimi kilichonivuta ni korido ya korti hapa Mombasa, nilimuona mama kakaa benchini na mkoba wa mikate kwa mapaja, mwanawe kashikwa na simu ya wizi, kapewa dhamana na pesa hakuna, basi mtoto akarudishwa rumande kesi hata haijaanza kusikizwa. Nikajiuliza hivi huyu atatoka vipi humo. Swali kama hilo ukiwa nalo moyoni omba kozi mwaka huu huu usingoje, na kazi ziko, probesheni, magereza, utafiti, mashirika ya vijana, si upelelezi peke yake.