Mizani ilipogoma kwenye 85

Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijafungua kibanda changu cha ushonaji hapa Mwanga, Kigoma, nilikuwa napita kwa kijana mwenye mizani kando ya soko. Unavua viatu, unapanda, unasoma, unampa shilingi 200 zake. Jumamosi ya kwanza ya Agosti mwaka jana nilisoma kilo 85. Iliyofuata, 85. Ya tatu ikawa 85 na ushee, nikarudi nyumbani nimenuna, hata chai sikuigusa. Wiki kumi zilikatika mshale ukicheza palepale.

Nilikuwa nimeanza Januari na kilo 97, na kimo changu ni sentimita 160. Presha ilisoma 150 kwa 95. Muuguzi wa zahanati aliniambia kwa upole, "Mama, tupunguze uzito kwanza, tupime tena baada ya miezi mitatu." Nikapunguza ugali, nikaacha soda na chapati za asubuhi, nikaanza kutembea kila nikimaliza swala ya Alfajiri. Kilo 12 zikaondoka kwa miezi saba. Halafu kimya.

Ninayemwandikia ni yule aliyefika kwenye kimya hicho na anaona bora aache. Najua kinavyouma. Mwanzo kila wiki unalipwa: unapanda mizani, unashuka unatabasamu. Ghafla unafanya kazi ileile na hulipwi. Wiki ya sita nilinunua chapati tatu na soda, nikala nyuma ya kibanda, na kilichoniumiza si zile chapati. Ni ile sauti iliyokuwa ikiniambia kwamba miezi saba yote nimejisumbua bure.

Lililonituliza kwanza ni kuelewa mwili unafanya nini. Chukua ndoo ya lita 20, ijaze maji kupita nusu kidogo: hizo ni kilo 12. Jitwike, panda nayo kutoka Kibirizi kule ziwani mpaka huku Mwanga. Kesho yake panda mikono mitupu. Nguvu utakayotumia kesho haifanani na ya leo hata kidogo. Mimi Januari nilikuwa nakipanda kile kilima na ndoo hiyo mwilini. Agosti nilikuwa nimeshaitua. Kilima kilekile, viatu vilevile, ila mwili unachoma kidogo kuliko zamani. Na sahani yangu ilikuwa bado ni ile ya Machi. Sahani iliyonipunguza ikawa sasa inanishikilia tu.

Tena zile kilo za haraka za mwezi wa kwanza hazikuwa mafuta yote. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu 3 za maji. Ukipunguza ugali, akiba inatumika, maji yanatoka, mizani inaporomoka. Ukija kulinganisha Agosti na Januari unajidhulumu, kwa sababu Januari ulikuwa unamwaga maji pia.

Jambo jingine nisingelijua kama si binti yangu. Jioni moja aliniambia, "Mama, siku hizi unanituma sana." Nikafikiri. Kweli, uzi uko hatua nne kutoka kwenye cherehani, chaki iko hatua nne, mkasi umeanguka chini ya meza. Zamani nilikuwa nainuka mwenyewe bila kufikiri, sasa namwita mtoto. Mwili unaopata chakula kidogo hubana matumizi kimyakimya. Unakaa zaidi, unaegemea zaidi, unainuka mara chache. Na njaa inapanda, kwa sababu homoni inayoitwa leptini, inayotoka kwenye mafuta ya mwili kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, hupungua kadiri mafuta yanavyopungua. Kwa hiyo njaa ya saa kumi na mbili jioni iliyonishika Agosti haikuwa uroho. Usijitukane kwa njaa ya namna hiyo.

Wiki ya nne nilifanya kosa ambalo naomba usilifanye. Mteja wangu aliniletea pakiti ya majani ya chai ya kukata tumbo. Nilikunywa siku tatu, siku tatu zote nikashinda chooni, na mizani ikasoma 83.5. Nilifurahi mpaka nilipopata kizunguzungu nikiwa kwenye cherehani, sindano inakwenda, nikaona kitambaa chote kinazunguka. Nilipoanza kunywa maji vizuri, 85 ikarudi ndani ya siku mbili. Majani mengi ya aina ile ni dawa ya kuharisha tu. Kinachotoka ni maji na chumvi, mafuta yako vilevile, na kwa mtu mwenye presha hilo si jambo la kuchezea.

Kilichokuwa na faida kweli kilikuwa jikoni, kwenye mawese. Sisi wa huku mwisho wa reli, sombe, yaani kisamvu, bila mawese hatuiiti mboga. Machi nilikuwa napima mafuta kwa kijiko. Agosti mkono ulikuwa umesharudi kumimina kwa macho, na mimi sina habari. Siku moja nikaamua kupima: nikamimina kama kawaida yangu, ila kwenye kikombe badala ya sufuria, halafu nikahamisha kwa kijiko cha chakula nikihesabu. Moja, mbili, tatu. Binti yangu akawa anahesabu nami. Tulifika vijiko 9, kwa mboga ya watu watano.

Kijiko kimoja cha mafuta kina kalori kama 120. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini hutoa 4, ndiyo maana mafuta hujificha vizuri kuliko chakula kingine chochote: hayajazi sahani, hayaonekani, lakini yamo. Sikuyaacha mawese, na simwambii mtu wa Kigoma ayaache. Ile rangi yake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Nilishuka hadi vijiko 4. Kwenye sahani yangu hiyo ni sawa na kuondoa kijiko kizima cha mafuta kila mlo, na baba watoto alikula sombe ile wiki mbili kabla hajagundua kitu.

Ugali wa muhogo nao niliupunguza kidogo tena, nikaongeza dagaa na maharage. Muhogo una protini ndogo sana, na mtu anayepungua bila protini ya kutosha anapunguza na misuli pamoja na mafuta. Dagaa tunao mlangoni. Nawaosha mchanga vizuri, nawachemsha na nyanya, kitunguu na ndimu, siwakaangi kwanza. Ukiwakaanga umerudisha kile kijiko ulichokitoa.

Kutembea sikukuongeza sana. Nilikuwa tayari na dakika 40 kwa siku, siku tano kwa wiki, na Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki zinatosha kwa mtu mzima. Nilichokosa ni kazi ya misuli, ambayo shirika hilohilo linashauri angalau siku mbili kwa wiki. Basi nikaanza kukaa na kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, mara 10, napumzika, mara 10 tena, halafu tena. Na kunyanyua madumu mawili ya lita 5 nikisubiri pasi ipate moto. Na uzi najifuatia mwenyewe.

Sasa nije kwenye tepu.

Kazi yangu ni kupima watu. Daftari langu la vipimo lina kifua, kiuno na hipsi za nusu ya akina mama wa mtaa huu, na vyangu vilikuwamo tangu Januari, nikavisahau. Wiki ya nane nilivaa gauni la kitenge nililojishonea Idi ya kuchinja, nikashika kitambaa cha tumboni kwa vidole viwili, kikaja chote mkononi. Gauni hilo nililishona mimi. Najua nililibana wapi. Nikafungua daftari. Januari kiuno sentimita 113. Mwanzoni mwa Agosti, mizani ilipogoma, 104. Nikajipima palepale: 99. Wiki nane nilizolia kwamba hakuna kinachotokea, sentimita 5 zilikuwa zimeondoka tumboni.

Nilikaa kwenye kigoda nikalia, safari hii kwa jambo jingine.

Kwa hiyo jipime, lakini jipime kama fundi. Asubuhi kabla ya kula, bila nguo nzito. Tafuta mwisho wa mbavu na juu ya mfupa wa nyonga, tepu ipite katikati ya hapo. Iwe sawa mbele na nyuma. Wengi huiacha ishuke mgongoni na kipimo kinadanganya. Toa pumzi kawaida, usinywee tumbo, usivute tepu mpaka ikate nyama. Andika tarehe. Mara moja kwa wiki mbili inatosha. Wanawake tuzingatie na siku zetu: kabla ya hedhi mwili hushika maji, na kilo moja au mbili zinaweza kuja na kuondoka bila kuhusiana na ulichokula, basi linganisha wiki na wiki yake ya mwezi uliopita.

Wiki hiyohiyo nilirudi zahanati. Presha 128 kwa 82. Baadaye nikasoma kuhusu utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, wa watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya kilo 97 haifiki hata 7. Mimi nilikuwa nimeshavuka hapo tangu Mei, huku nikijiona nimeshindwa.

Kuna maumivu mengine ambayo hayana kipimo, ni ya maneno ya watu. Huku kwetu mwanamke akipungua anaulizwa kama anaumwa, au kama mume hamtunzi. Miezi ya kwanza walikuwa wanasema kila siku, wengine kwa kusifia, wengine kwa kuchimba. Ilipofika Agosti wakanyamaza wote, na nikagundua nilikuwa nakula maneno yao kama chakula. Yalipokwisha nikabaki mtupu. Shughulini shangazi zangu bado wananijazia pilau. Sibishani nao. Napokea sahani kwa mikono miwili, nashukuru, nakula polepole, halafu nainuka kusaidia kugawa. Mtu anayegawa hakuna anayemwongezea.

Aliyenirudisha barabarani hasa ni kaka yangu, mvuvi wa dagaa pale Kibirizi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka sana hawakusanyiki kwenye taa, na mitumbwi hukaa nchi kavu siku kadhaa kila mwezi. Nilimkuta siku kama hizo, amekaa mchangani anashona nyavu, nikamwagia malalamiko yangu. Hakuacha kushona.

"Mdogo wangu, unatembea bado?"

"Natembea, kaka."

"Unakula kama ulivyopanga?"

"Karibu."

"Sasa kwani sisi mwezi ukiwaka huwa tunauza mitumbwi?"

Nilirudi nyumbani nikaandika kwenye daftari mambo manne ambayo yako mikononi mwangu: vijiko vya mafuta, siku za kutembea, mara za kuinuka kwenye kigoda, saa ya kulala. Hilo la mwisho nilikuwa nalidharau. Nilikuwa nashona sare za harusi mpaka saa saba usiku, na siku ya pili njaa inakuwa kali mno. Sasa nazima taa saa nne. Kila jioni naweka alama ya vema. Kwa kijana wa mizani naenda mara moja kwa mwezi, na nampa shilingi 500 kwa sababu ananisalimia vizuri.

Ukiwa unatumia dawa za kisukari au za presha, usisubiri kama mimi. Mwone daktari mapema, maana mwili ukipungua kipimo cha dawa huenda kikahitaji kubadilishwa. Na kama umebana chakula kwa uaminifu, umetembea, miezi mitatu imepita na hata tepu haijasogea, mweleze daktari dawa zote unazotumia, pamoja na sindano ya uzazi wa mpango kama unachoma, na mwombe aangalie tezi ya shingo.

Katikati ya Oktoba nilisoma 84. Mwezi uliofuata 83. Leo niko 81, na imegoma tena, huu mwezi wa pili. Kiuno 95. Gauni la Idi nimelifumua na kulibana mara mbili.

Kama uko Mwanga au unapita sokoni na huna tepu, njoo kibandani, nitakupima bure na kukuandikia tarehe kwenye karatasi. Nafungua saa mbili asubuhi, isipokuwa Ijumaa mchana.