Gome la muiri (mti wa Prunus africana): maswali yenu wiki hii

*Baba ana miaka 68. Usiku huamka mara nne kwenda haja ndogo. Jirani ametuletea magome ya muiri, tumchemshie? (Nyeri)*

Apimwe kwanza, tafadhali. Mara nyingi ni tezi dume iliyotanuka kwa umri tu, lakini saratani ya tezi hiyo yaweza kuja na dalili hizo hizo, na gome haliitibu. Akionekana hana saratani, basi wazee hawakukosea: mapitio ya majaribio 18 yaliyotolewa mwaka 2002, yenye wanaume zaidi ya 1,500, yalionyesha kuwa waliotumia dawa ya gome hili waliamka usiku pungufu kwa asilimia 19. Hiyo lakini ni dawa ya kiwandani, iliyopimwa kwa miligramu. Sufuria ya jirani haina kipimo. Na ile harufu ya lozi chungu unayoisikia gome likiwa bichi hutokana na kemikali zinazoweza kutoa sumu ya sianidi, kwa hiyo mimi nisingempa mzee kwa kukisia.

*Nyanya yetu alitumia tendwet kwa tumbo. Ni mti huo huo? (Kericho)*

Ndio huo. Waluhya huuita mwiritsa, Wachaga mkondekonde. Gome lilipondwa, likatiwa maji, na yale maji mekundu yakanywewa. Ng'ombe naye alipewa kama dawa ya kumfanya aharishe.

*Niliuziwa muiri sokoni, nikautafuna ukaniwasha kama pilipili.*

Hiyo ni dalili ya muthiga, mti mwingine kabisa, ambao Wamaasai huuita osokonoi. Hutafunwa kwa kikohozi na maumivu ya jino. Kwa tezi dume umepoteza pesa.

*Nina muiri mmoja shambani. Nitoeje gome bila kuuua?*

Nashukuru umeuliza kabla ya kushika panga. Usilibandue kuzunguka shina! Chakula cha mizizi hushuka kutoka majanini kupitia gome la ndani; ukilikata duara zima, mizizi hufa njaa na mti hukauka ukiwa umesimama. Subiri shina lifike kipenyo cha sentimita 30, kisha utoe pande mbili zinazotazamana, kila moja robo ya mzingo, usipite tawi la kwanza, wala usikwaruze ubao ulio chini ya gome. Uache miaka kadhaa gome lirudi. Kuuza nje ya nchi kunahitaji kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) tangu 1995, kwa sababu misitu imebanduliwa mno. Ukiona matunda yameiva, okota mbegu uziatike zikiwa mbichi. Zikikaa sana hazioti.