Hapa Anasema Nani? Maswali Yenu Kuhusu Kant na Hegel

Shikamooni. Niko mwaka wa pili hapa Dodoma. Nimetoa kopi ya sehemu ya antinomia (jozi za madai yanayopingana) katika *Uhakiki wa Akili Safi*. Mwanafalsafa Kant anathibitisha kwamba ulimwengu una mwanzo, halafu anathibitisha kwamba hauna. Mwenyewe anashika lipi? (Mwanafunzi, Ng'hong'hona)

Marahaba. Hashiki lolote kati ya hayo. Katika antinomia zote nne Kant ni kama karani wa mahakama: anaandika ushahidi wa pande mbili, na hukumu bado.

Tuanze na hizo kopi. Kant alipanga tasnifu, yaani dai la kwanza, ukurasa wa kushoto na kinyume chake ukurasa wa kulia, zitazamane. Ukitoa kopi ukurasa mmoja mmoja, au ukisoma faili kwenye simu, pande hizo hufuatana na msomaji hudhani ni hoja moja iliyojipinga. Zirudishe zitazamane, ubandike kwa gundi ikibidi.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Uthibitisho wa kwamba ulimwengu una mwanzo unaanza kwa kusema: tuchukulie kwamba hauna. Kisha unaonesha kwamba dhana hiyo haikubaliki. Upande wa pili nao unafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo hapa sentensi ya kwanza ya kila upande ni ya mpinzani, na ndiyo hasa ambayo wanafunzi huipigia mstari. Usishike kalamu kabla hujaona neno la kuchukulia limeishia wapi.

Sauti ya Kant mwenyewe inasikika baadaye, kuanzia A497/B525. (A ni toleo la 1781, B ni la 1787, namba hizo zipo pambizoni mwa tafsiri nyingi.) Antinomia mbili za kwanza, pande zote mbili ni za uongo, kwa kuwa zote zinauchukulia ulimwengu mzima kuwa kitu kilichokwisha kutolewa kwetu. Mbili za mwisho, pande zote mbili zinaweza kuwa kweli: ulazima wa sababu kwa vitu vinavyotuonekania, uhuru kwa vitu vyenyewe, jinsi vilivyo mbali na kutuonekania. Anayeandika kwenye mtihani kwamba "zote nne ni za uongo" amesoma nusu ya hukumu.

Sisi ni walimu watano tunaosoma *Fenomenolojia ya Roho* ya mwanafalsafa Hegel. Tulianza na Dibaji na tumekwama. Tufanyeje? (Mwalimu, Mpwapwa)

Iacheni Dibaji, mwalimu. Hegel aliiandika baada ya kumaliza kitabu, na inamsemesha mtu aliyekwisha kufika mwisho. Anzeni na Utangulizi, aya 17 tu, ambazo katika tafsiri ya Kiingereza ya Miller (1977) ni 73 hadi 89. Namba hizo si za Hegel, na tafsiri ya Baillie ya 1910 haikuchapwa nazo. Kama kila mmoja ana tafsiri yake, kaeni kwanza mhesabu aya na kuziandika namba kwa penseli, la sivyo kikao kizima kitaishia kutafutana kurasa.

Utangulizi ndiko Hegel anakoeleza mchezo wote. Kuna fahamu inayodai kujua jambo, na kuna "sisi" tunaoitazama ikijaribu dai lake kwa kipimo chake yenyewe. Basi kila sentensi iwekeeni alama pambizoni: F kama ni dai la fahamu, S kama ni sisi tunaotazama. Isiyojulikana iwekeeni alama ya kuuliza, msonge mbele.

Jaribuni kwenye aya ya 91, katika sura inayofuata Utangulizi. Inaanza kwa kusema ujuzi wa hisi unaonekana kuwa tajiri na wa kweli kuliko wote. F hiyo. Kabla aya haijafika mbali, ujuzi huohuo unatajwa kuwa na ukweli maskini kuliko wote. Sasa tumeingia S. Aliyenukuu mwanzo wa aya kama msimamo wa Hegel amemsingizia. Kisha nendeni kwenye jaribio lenyewe: andikeni kwenye karatasi "sasa ni usiku," msome tena saa sita mchana. Karatasi haijabadilika, lakini ukweli wake umechacha. Fahamu ilidhani imeshika kitu hiki kimoja, kumbe neno "sasa" linafaa kila wakati.

Kwa saa mbili, aya mbili au tatu zinatosha. Mmoja asome kwa sauti, mwingine aeleze kwa Kiswahili bila kutumia istilahi yoyote ya kitabu, wa tatu awe mkorofi wa kuuliza kila mara, "hapa anasema nani?"

Madesa yetu yanasema mbinu ya Hegel ni tasnifu, kinyume, muungano. Ni kweli? (Kikuyu)

Hapana. Mwanafalsafa Fichte, aliyemtangulia Hegel, alitumia utaratibu huo wa hatua tatu. Aliyeueneza kama ufunguo wa Hegel ni mwandishi wa falsafa Chalybäus, baada ya Hegel kufariki mwaka 1831. Hegel mwenyewe, kwenye Dibaji ileile ya *Fenomenolojia*, anawakejeli wanaobandika utatu juu ya kila kitu.

Bwana na mtumwa katika Hegel: je, mtumwa anashinda? (Kondoa)

Katika kisa hicho cha *Fenomenolojia*, fahamu mbili zinapigania kutambuliwa. Wengi huishia aya ya 196, mtumwa anapojiona katika kazi ya mikono yake, wakatangaza ushindi. Aya hiyohiyo inasema kazi bila hofu ya kifo na bila nidhamu ya utumishi huzaa ukaidi tu. Geuza ukurasa: kinachofuata ni Ustoa, falsafa ya kale ya uhuru wa mawazoni, ambao haujali mtu yuko kwenye kiti cha enzi au kwenye minyororo. Minyororo haijakatika.

Ukitaka kuihusisha na ukoloni, kumbuka Fanon, mwandishi aliyepinga ukoloni, alikwisha kuonya (1952): bwana wa kikoloni hatafuti kutambuliwa na mtumwa, anatafuta kazi yake. Andika tofauti hiyo kwanza, ndipo ulinganishe.

Katika *Falsafa ya Haki* ya Hegel kuna "Nyongeza." Naweza kuzinukuu kama Hegel? (Manyoni)

Kwa tahadhari. Kitabu kina tabaka tatu: aya yenye namba, Maelezo yaliyosogezwa ndani kidogo, na Nyongeza. Mbili za kwanza Hegel alizichapisha mwenyewe. Nyongeza zilitolewa na mfuasi wake Eduard Gans katika toleo la 1833, kutoka kwenye daftari za wanafunzi waliohudhuria mihadhara. Zinaeleweka kirahisi, ndiyo maana kila mtu huzikimbilia. Nukuu yako iandike hivi: § 258, Nyongeza. Ikigongana na aya, fuata aya.