Valletta si kuta tu

Mkuu, umeuliza kama Valletta, mji mkuu wa Malta, ina lolote zaidi ya kuta, na kama siku moja inatosha. Kwa miguu inatosha, mji wenyewe haufiki hata kilomita moja ya mraba. Ila magoti yatalalamika: baadhi ya mitaa ni ngazi tupu hadi chini baharini.

Mji ule ulizaliwa kwa hofu. Mwaka 1565 Waturuki wa Uthmaniya waliizingira Malta karibu miezi minne, wakashindwa. Jean de Valette, mkuu wa mashujaa wa Mtakatifu Yohane, jeshi la kidini la Kikristo lililotawala kisiwa, hakungoja warudi. Machi 1566 akaweka jiwe la msingi kwenye rasi ya mwamba iliyo kati ya bandari mbili. Mitaa ikanyooshwa kama mistari ya daftari, na kila nyumba ikatakiwa iwe na birika la maji ya mvua chini yake, maana kiu huangusha ngome kabla ya mizinga. Cha kuchekesha, Napoleon aliichukua 1798 karibu bila jasho. Waingereza wakafuata, hadi uhuru wa 1964.

Saa sita mchana uwe bustani ya Upper Barrakka: mzinga unapigwa, moshi unatanda juu ya Bandari Kuu. Halafu tega sikio sokoni. Kwa Kimalta wanahesabu sitta, sebgħa, disgħa. Bahari wanaiita baħar. Asili ni Kiarabu, kama sita, saba, tisa na bahari zetu. Wenyeji hata jina Valletta hawalitumii sana, kwao ni il-Belt, yaani mji, basi.